Maua Meupe Chini ya Dirisha la Lojze

Jerneja Kolenc aliendesha basi la shule katika bonde letu kwa miaka ishirini na saba, akastaafu wiki ileile mumewe Lojze alipopooza. Upande wa kulia wa mwili ulikufa ganzi, na maneno yakampotea karibu yote. Kitanda chake kilihamishiwa jikoni, karibu na jiko la kuni, kando ya dirisha la kaskazini. Nje ya dirisha hilo kulikuwa na kipande cha ardhi kisichopata jua, theluji ikikaa hapo muda mrefu kuliko kwingine kokote, kisha tope.

Mimi ni jirani yao, nyumba ya pili. Siku moja Jerneja aliniambia, "Ludvika, mtu hawezi kutazama tope miezi mitano halafu apate nafuu."

Akaamua kupanda teloh, maua meupe ya milimani kwetu, ambayo majani yake hubaki mabichi mwaka mzima na huchanua wakati theluji bado ipo. Kuyang'oa msituni ni kosa, na dukani yanauzwa chungu kimoja kimoja. Yeye alitaka tuta zima chini ya dirisha. Binamu yake, mwenye bustani ng'ambo ya mlima, akamletea mbegu mwezi wa sita.

"Zipande leo," binamu alisema. "Zikikauka umezipoteza. Na usinipigie simu kuuliza maua yako wapi kabla ya miaka mitatu."

"Miaka mitatu?"

"Ukibahatika. Usipobahatika, minne."

Alizipanda jioni hiyohiyo kwenye masanduku. Mwaka uliofuata theluji ilipoyeyuka, vichipukizi vikatoka, vidogo kama kucha za mtoto. Akabeba kwa kikapu mgongoni mboji ya majani kutoka msituni, akachanganya na chokaa, akaihamishia miche chini ya dirisha. Alipoishika miche yenyewe alivaa glavu, maana utomvu wa mimea hiyo huunguza ngozi.

Ciril, fundi wa mabati aliyekaa mkabala nao, alikuwa akisimama barabarani kila Jumamosi kumchokoza.

"Dereva, kabichi zako vipi?"

"Zinakua."

"Zinakua zikienda wapi? Mwaka wa pili huu naona majani tu."

"Hata basi langu lilikuwa linachelewa, Ciril. Na wewe ulikuwa unasubiri kituoni, umenyamaza."

Majira ya baridi yaliyofuata, theluji yote ya paa iliporomoka na kuponda nusu ya miche. Jerneja aliing'oa iliyobaki, akaisogeza mbali na paa hatua mbili, akaenda kuomba mbegu nyingine.

Mwaka wa nne, mwishoni mwa Januari, matumba yalichomoza kati ya majani. Katikati ya Februari mimea arobaini ilikuwa imechanua, weupe juu ya weupe. Lojze aliegemezwa mito tangu asubuhi, na hakutaka kulazwa.

Siku ya nne ikaja baridi ya kuvunja mawe. Asubuhi maua yote yalikuwa yamelala chini, malegevu, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Jerneja aliyatazama, akavaa koti, akaja kwangu. Nilimwekea kahawa, hakuigusa.

"Nimemwonyesha mgonjwa maua siku tatu," alisema, "halafu nimemnyang'anya. Afadhali nisingeanza."

Tulikaa hivyo mpaka karibu saa sita, tukasikia kioo cha dirisha kikigongwa kwao, tena na tena. Jerneja alitoka mbio bila kufunga mlango, akidhani mumewe ameanguka. Nikamfuata.

Lojze alikuwa ameketi, kijiko mkononi, akielekeza nje. Baridi ilikuwa imelegea. Shina moja baada ya jingine lilikuwa likijinyanyua kutoka ardhini, polepole, na maua mengi yalikuwa yamekwisha kusimama wima kama jana.

"Yale," Lojze alisema, akitafuta kila neno. "Ya mwanzo. Saa nne."

"Umeyatazama tangu saa nne?"

"Wewe... ulikimbia."

"Mbona hukuniita, baba wewe?"

Akainua kijiko. "Nimeita. Huna... masikio."

Jerneja aliketi ukingoni mwa kitanda, akacheka huku machozi yakimtoka. Sikumbuki kuona mtu niliyemheshimu kuliko yeye saa ile, na tope lake la miaka minne chini ya kucha.

Jumamosi Ciril alikuja, kofia mkononi, akasimama ukutani akiyatazama maua. Mwishowe akaomba miche mitatu ya kaburi la mama yake. Jerneja alimpa mitano, pamoja na glavu.

Lojze aliyaona yakichanua mara mbili zaidi. Mara ya mwisho alitoka nje kwa fimbo, mkewe amemshika mkanda wa suruali kwa nyuma. Maua hayo huinamisha uso, kwa hiyo aliinama kadiri alivyoweza, akaliinua moja kwa kidole na kulitazama ndani. Alikaa hivyo hadi Jerneja akalalamika kwamba mkono wa kushikia mkanda unamfa ganzi.