Bunduki ya Delbert na Kidole cha Royce

Katika wilaya yetu nzima, huku kaskazini mwa Pennsylvania, hakuna mwanamke anayezijua bunduki kuukuu za jeshi kunishinda mimi, Arvilla Strohecker. Basi, yuko binti yangu Lorna, ananishinda kwa mbali. Na yuko mjane mmoja anayefanya kazi posta. Na nikisema kweli yote, mimi sijawahi kufyatua hata moja; mshindo wake unanichezesha meno ya bandia. Lakini nimezifuta vumbi, nimezisogeza nipate kufagia, na moja ya Kirusi ililala wiki nzima kwenye bafu langu ikitolewa yale mafuta mazito ya kahawia wanayozipaka huko maghalani. Wiki hiyo mimi nilioga jikoni kwa beseni. Aliyeoga kwa beseni kwa sababu ya bunduki ana haki ya kujiita mjuzi.

Mwenye bunduki ni mume wangu Delbert. Hukusanya za majeshi yaliyoshindwa na za yaliyoshinda, hana ubaguzi. Ana za Kijerumani, za Kiingereza, na moja ya Kiitaliano ambayo nadhani Waitaliano wenyewe walifurahi kuachana nayo. Zote zimo kwenye kabati la vioo alilonipa marehemu mama siku ya harusi niweke sahani. Sahani ziko chini ya kitanda.

Kipenzi chake ni Garand, bunduki ya jeshi letu la Marekani, aina ile ile aliyoibeba vitani Korea akiwa kijana. Hii aliinunua serikalini miaka mingi baadaye, ikaletwa na mtu wa posta mpaka mlangoni. Nilipoona jinsi alivyoipokea, nikajua nimeletewa mke mwenza.

Mwaka wa kisa hiki macho yake yalikuwa yamekwisha, akaamua kuzigawa bunduki zake angali hai. "Nikifa mtanyang'anyana," alisema. "Nataka kukabidhi kwa mkono wangu." Garand, akasema, ni ya Royce, mwanetu wa kiume.

"Kwa nini Royce?" nikamuuliza.

"Bunduki hufuata jina, bibi. Lorna aliolewa, siku hizi ni Hutzel. Bunduki ya Strohecker haiwezi kwenda kwa kina Hutzel."

"Hutzel mwenyewe keshakufa."

"Jina halijafa."

Ukibishana na Delbert bora ukabishane na tanuri. Angalau hilo linatoa joto.

Sasa, Lorna ndiye aliyekuwa akimpeleka babake uwanja wa shabaha kila mwezi. Macho ya mzee yalipozidi kufifia, Lorna akawa anapiga yeye, mzee amekaa kwenye kiti cha kukunja na blanketi magotini, akisikiliza. "Umeivuta kushoto," humwambia, na kweli imekwenda kushoto. Katika mali yote ya nyumba ile, Lorna alitaka kitu kimoja tu, na hakuwahi kukiomba.

Royce yeye huuza makabati ya jikoni huko Pittsburgh. Huja mara moja kwa mwaka, msimu wa kuwinda kulungu, na koti jipya ambalo bado lina karatasi ya bei kwapani. Alishatueleza mpango wake: Garand ataipiga msasa mbao zake zote, aipake vanishi mpaka uone uso wako, aitundike juu ya meko na kuiwekea taa ndogo.

Mbele ya watu wa bunduki kuukuu, tamka msasa uone. Hushika kifua. Zile mbao zina mihuri ya wakaguzi wa jeshi na kila mkwaruzo aliouacha askari. Ukizipiga msasa umebaki na mguu wa meza. Lorna aliposikia mpango huo alitoka nje akaenda kupasua kuni zilizokwisha kupasuliwa.

Delbert aliweka sharti moja. Kabati lisifunguliwe mpaka Jumapili, siku moja kabla ya msimu kuanza. "Bunduki ya mtu haiguswi bila ruhusa yake," alisema mezani. "Atakayeigusa kabla sijamkabidhi, hapati. Awe Strohecker, awe nani."

"Baba, nani atafanya jambo kama hilo?" akasema Royce, mdomo umejaa keki ya maboga.

Jumamosi jioni tukaenda kanisani kwenye karamu ya wawindaji. Royce alisema kichwa kinamgonga, akabaki amelala kwenye kochi na kitambaa usoni kama maiti. Nilimwekea glasi ya maji. Mama ni mama.

Jumapili asubuhi akaja kunywa kahawa na mkono wa kulia mfukoni. Alipoutoa kuchukua sukari, nikaona: kidole gumba kimefungwa bendeji, kimevimba kama andazi.

Hapo sikuhitaji macho ya daktari. Garand hulishwa risasi kwa juu, kwa kidole gumba. Hata ikiwa tupu, ukitaka kuifunga lazima uingize gumba mle ndani ukandamize, huku ubavu wa kiganja umezuia komeo, kile chuma kinachoifunga, lisirudi mbele. Usipozuia, komeo huruka mbele kwa ghadhabu na kukikuta kidole chako kimo ndani. Kila mwanagenzi wa bunduki hiyo huumwa mara moja. Mara ya pili huumwa wapumbavu.

Lorna naye alikiona. Akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Royce, mwanangu," nikasema, "hebu mfungulie mama chupa hii ya viazisukari vyekundu. Vidole vyangu havina nguvu."

Akaishika chupa kwa kushoto, akaibana kwa magoti, akaisokota mpaka masikio yakawa rangi ya vile vilivyomo.

"Una nguvu kweli," nikamwambia. "Na hii ya matango ya siki je?"

"Mama, nani anakula matango saa hizi?"

"Babako."

"Mimi?" akauliza Delbert.

Baada ya ibada tukakusanyika sebuleni: mimi, Lorna, Royce, na mkewe Paulette, mwanamke mwema asiyejua bunduki wala hila. Delbert akaitoa Garand kwa kupapasa, akaipangusa kwa mkono wa shati. Aliipangusa mara ya pili palepale, nami nikajifanya natafuta miwani.

"Royce Strohecker," alisema, "njoo."

Lorna alitazama dirishani. Nje hapakuwa na kitu, theluji tu.

Royce akaipokea kwa kushoto, akaikumbatia. "Ahsante, baba. Nitaitunza."

Delbert hakukaa. Alisubiri. Kwetu ukipewa bunduki, hata na babako, hata kama umeona kwa macho yako kwamba ni tupu, unaifungua, unaonyesha, ndipo unaifunga. Mtoto wa miaka saba anajua.

"Sijasikia," akasema Delbert.

Royce akalivuta komeo nyuma kwa vidole vinne, likanasa. "Tupu, baba."

"Funga."

Akajaribu kwa kushoto, akaikaribia kama mtu anayemlisha mbwa wa jirani. Akarudisha mkono. Akajaribu tena.

"Funga, mwanangu. Unangoja nini?"

"Kidole, baba. Kinauma. Nilibanwa na mlango."

"Mlango wa nini?"

"Wa gari. Jana jioni, mlipokuwa kanisani."

"Pole sana," nikasema mimi.

Paulette akageuka. "Gari lipi, Royce? Gari tulikwenda nalo kanisani, nimeliendesha mwenyewe, na wazazi wako walikaa nyuma. Tena mimi jana usiku uliniambia ni nyundo."

"Nyundo ya nini, wifi?" akauliza Lorna kwa upole wa kutisha. "Alikuwa anaumwa kichwa."

Delbert alisogea kwa mwanawe. Alinyoosha mikono yote miwili, akangoja mpaka alipohisi uzito wa bunduki umerudi viganjani. Alipapasa mdomo wa komeo polepole, kisha akaipandisha bendeji ya mwanawe na kukishika kile kidole, akapitisha chake juu ya alama ya komeo ukuchani.

"Lorna," akaita. "Njoo uifunge hii."

Lorna akaja. Ubavu wa kiganja, gumba ndani, gumba nje, na komeo likalia mara moja, safi. Delbert akaiachia bunduki mikononi mwa binti yake na kukaa kitini.

Royce alitutazama mmoja mmoja.

"Nilisema gari?" akasema. "Mlango wa friji, jamani. Nilitaka kusema mlango wa friji."