Ukuta wa Mukuba

"Papa Kabamba, uko unafanya nini!"

Sauti ya Maman Antoinette, kiongozi wa wasafishaji, ilitangulia viatu vyake kwenye ngazi za stesheni ya metro. Kabamba alikuwa amesimama juu ya kigoda, nusu ya limao mkononi, akitabasamu kama mtu anayengoja sifa. Tangu asubuhi alikuwa akisugua bamba moja la ukuta kwa limao na chumvi, na sasa liling'aa jekundu katikati ya wenzake wa kijani.

"Niko nasafisha, chef. Mukuba ilishajaa buchafu."

Mukuba ndiyo shaba kwa watu wa Likasi, na huko kwao shaba ya kijani ni aibu ya mwenye nyumba. Maman Antoinette ni wa Bukavu. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ile vert, ile kijani, si uchafu! C'est l'œuvre, ni sanaa yenyewe! Papa, umefuta artiste!"

Kabamba alishuka polepole. Hakuna mtu aliyeipenda stesheni hii kuliko yeye. Ilifunguliwa mwaka 1976, baada ya barabara kupasuliwa na mtaa mzima kula vumbi miaka mitano. Msanifu alijua watu wataogopa kuingia ardhini, akapanua ngazi ili mwanga wa mchana ufike hadi chini kabisa. Kisha msanii akafua mabamba mia mbili ya shaba kwa mkono, akauvisha ukuta kuanzia mlangoni hadi kwenye reli. Pa kukata kona, ukuta wenyewe unapinda. Asiyejua Kifaransa wala Kiflamanda hufika kwenye treni bila kuuliza. Kabamba alipokuja Brussels alipotea kila mahali isipokuwa hapa, na siku alipopewa kuisafisha alimshukuru Mungu kwa sauti.

Sasa amefanya nini? Ijumaa kontra yake, mkataba wa muda, ilikuwa inakwisha, na alikuwa ameahidiwa ya kudumu. Kwa sheria mpya ya mwaka uliopita ya kuleta familia Ubelgiji, bila kontra hiyo mkewe Berthe angebaki Likasi, na huu ulikuwa mwaka wa nne wa kungojana kwa simu. Na leo hii, saa tisa, Madame Marie-Jeanne wa ofisi ya sanaa za metro alikuwa anakuja kukagua.

"Sikiliza," Maman Antoinette alinong'ona. "Tutasema ni ba-jeunes ya tag, wale vijana wa kuchora kuta. Walimwaga produit, dawa kali, wakakimbia. Nani atajua?"

Kabamba alilitazama bamba. Halikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Hapana, maman. Muntu wa tag hawezi kusafisha mukuba hivi."

Kiburi kina wakati wake, na huu haukuwa wakati wake. Lakini ndivyo alivyosema, na Madame Marie-Jeanne alipofika akamwambia wazi kwamba ni yeye aliyelisugua, kwa Kifaransa chake cha taratibu.

Bibi yule hakupiga kelele. Aligusa bamba kwa ncha za vidole, machozi yakamlengalenga. "Kijani hiki kiliota miaka thelathini na sita," alisema.

"Nisamehe, madame. Kwetu ikiwa kijani ni kusema haina mwenyewe." Kabamba alitaka kuishia hapo, akashindwa. "Lakini aliyeifua alitumia mkono wa kushoto. Angalia alama za nyundo zinaelekea wapi. Na hapa chini alichoka, akapumzika, akarudi."

Madame Marie-Jeanne akainama, pua karibu iguse shaba. "Alikuwa wa kushoto kweli. Umejuaje?"

"Nilifua mukuba miaka kumi na miwili, Lubumbashi."

Madame Marie-Jeanne alijiinua. "Ripoti nitaandika, siwezi kuficha," alisema. "Kampuni yako ya usafi haitakubakiza. Lakini njoo."

Aliwapeleka hadi mlango mdogo mwishoni mwa jukwaa. Ndani, mabamba sita ya msanii yule yule yaliegemea ukuta yamejikunja. Yalipondwa siku mafundi walipoweka lifti. Kila fundi aliyeitwa alitaka kuyapitisha motoni, na moto unaila ile rangi ya kijani.

"Unaweza kunyoosha bila moto? Ukiweza, kazi ya kuutunza ukuta huu ipo, na kontra yake ni ya kudumu."

Ilikuwa rahisi kusema oui. Maman Antoinette alimfinya mkono aseme.

"Sijui, madame. Mukuba ikishakuwa ngumu inakataa, ukilazimisha, inapasuka. Sauti yake ndiyo itasema: ikilia nzito, bado laini; ikilia kama kengele, imekwisha."

Alipiga goti, akaweka sikio nyuma ya bamba la kwanza, akagonga kwa kifundo cha kidole. Hapo hapo treni ikaingia, chumba kizima kikatetemeka. Maman Antoinette alifumba macho, midomo ikicheza kwa sala. Kabamba hakuondoa sikio. Alingoja milango ya treni ifungwe, mabehewa yapite yote, ngurumo iishie ndani ya handaki, kisha akagonga tena.