Bosi Hakuwa Mkali

Shitanda alimwita mbwa wake Bosi ili angalau maishani mwake awe amewahi kumwamuru bosi mmoja. Miaka kumi na minane alipiga kelele za kutetea wafanyakazi kwenye malango ya viwanda vya Industrial Area, Nairobi, na hadi leo anakumbuka jina la kila meneja aliyemfuta kazi. Lakini mwenye ploti ya vyumba vya kupanga alikoishi huko Njiru alipotuma neno kwamba mbwa atoke kabla ya Jumamosi, Shitanda, mwenyekiti wa wapangaji, alijibu, "Sawa." Basi. Aliogopa kufukuzwa chumbani.

Bosi alikuwa na miezi minane, na haya kama bi harusi. Mtu akipiga hodi, anajichomeka nyuma ya mtungi wa maji, mkia umebaki nje, anadhani haonekani.

Mtu wa kumfaa alikuwepo. Waruguru, fundi wa sare za shule kule Komarock, ana nyumba yake, geti lake na ua mtulivu, na alishasema anatafuta mbwa. Ila angeuliza, kwa nini unamtoa? Marehemu mumewe alipoteza kazi katika mgomo ambamo Shitanda ndiye aliyewaambia watu wasirudi nyuma. Leo amwambie huyo mama kwamba yeye amerudi nyuma kwa ajili ya chumba kimoja?

Ndipo akampeleka Bosi kwa Ngigi, muuza vifaa vya ujenzi kando ya Kangundo Road, aliyetaka mbwa mkali wa kulinda duka.

"Mzee, ni mkali huyu? Mbona anatetemeka?"

"Hasira hizo. Ngoja aone mwizi."

Siku ya nne Shitanda alishindwa kuvumilia, akaenda kuchungulia. Bosi alikuwa ndani ya sanduku la mbao lililofunikwa magunia, giza tupu, na mbele yake ugali uliochanganywa na pilipili. Alipoinua gunia, mbwa hakumkimbilia. Alijikunja pembeni, akajikojolea.

"Unamfanyia nini?" Shitanda aliuliza.

Ngigi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si ndivyo mbwa mkali anavyonolewa? Wiki mbili gizani, pilipili kidogo. Ulisema ukali uko ndani. Mimi nautoa nje."

Vijana wa kupakia simiti walikuwa wamesimama kusikiliza. Mmoja alimjua.

"Mwenyekiti, niaje? Umekuja kutugomesha?"

Wakacheka. Shitanda alihisi uso unawaka. Angeweza kuanza hotuba juu ya matajiri na ukatili wao, na wangempigia makofi. Maneno alikuwa nayo tele, ila hakuna hata moja lililomhusu Ngigi.

"Nilikudanganya," alisema. "Mbwa huyu ni mwoga. Hajawahi kubweka. Naomba nimrudishe."

"Sijasikia vizuri."

"Ni mwoga. Na mimi nilijua."

Hakuna aliyecheka tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ngigi alifungua sanduku, akamkabidhi kamba bila kumtazama. "Ungesema tu, mzee. Ningetafuta mwingine."

Shitanda alimbeba Bosi kifuani hadi Komarock, shati limelowa mkojo. Waruguru alifungua geti, sindano ikiwa kwenye kola, akasikiliza yote akiwa amesimama: mwenye ploti, lile "sawa", sanduku, pilipili.

"Kwa hiyo uliambiwa toa, ukatoa."

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu angekucheka. Halafu angekunyamazia mwaka mzima."

Mama yule alichukua maziwa, akayamimina kwenye sahani, akaisukuma chini ya meza ya kukatia vitambaa, kisha akarudi kwenye cherehani kana kwamba hakuna mgeni. Hatimaye Bosi alijikokota hadi chini ya meza, na wakasikia ulimi wake ukilamba.

"Atakaa," Waruguru alisema. "Ila usije kumwona kwanza. Akusahau kidogo."

"Sawa," alisema Shitanda, akalisikia neno lake mwenyewe, akainamisha kichwa na kutoka getini.