Kipimo cha Septemba

Marija Zupancich alijibu kila swali kwa akili yake yote, akafaulu. Hapo ndipo hofu ilipomwingia.

"Sitini na tisa," alisema Verna Lindahl, tabibu wa timu, akigeuza kompyuta ili Marija ajionee mwenyewe. "Septemba ulipata sitini na nane. Umejigonga ukutani ukaongeza akili, nahodha. Labda niwagonge wote."

Marija alicheka kwa sababu ilibidi acheke. Chini ya meza vidole vyake vilikuwa vimeshikana, baridi kama vya mtu aliyesahau glavu ndani ya gari mwezi wa Januari.

"Kwa hiyo Ijumaa?"

"Ijumaa unacheza. Nenda kale."

Alitoka akishika ukuta. Taa za korido zilimchoma machoni kama pilipili.

Hakuna mchezaji wa hoki ya barafu pale Chuo cha Tamarack Bay ambaye hakukijua kipimo kile. Kila Septemba, kabla mtu hajavaa viatu vya makali, alikalishwa mbele ya kompyuta kwa nusu saa. Kumbuka maneno haya kumi na mawili. Bonyeza ukiona duara jekundu. Taja tarakimu hizi kinyumenyume. Alama yake iliwekwa, na msimu ukishaanza, akijigonga kichwa alirudishwa kwenye kiti kilekile. Akishuka chini ya alama yake ya Septemba, ubongo wake umetikisika, akae nje mpaka apande. Asiposhuka, acheze.

Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa nje, wasichana wa Tamarack Bay walijitia hamnazo kila Septemba. Ukipata alama ndogo ukiwa mzima, hata ukigongwa huna pa kushukia. Marija alifundishwa akiwa wa mwaka wa kwanza. Nahodha wa wakati huo, beki mwenye meno mawili ya bandia, alimwinamia mezani akamwambia, "Usijibu kama maiti, kompyuta itakugundua. Jibu kama mtu aliyekesha harusini."

Marija, binti wa dereva wa lori la mgodi wa chuma, aliyekuwa akiwaacha mbali wenzake kwenye hesabu, aliifanya kazi hiyo kwa ustadi. Katika kila maswali matatu alikosea moja. Sitini na saba, sitini na nane, sitini na nane, sitini na nane: Septemba nne. Katika miaka hiyo minne alichaguliwa mara mbili kuwa mchezaji bora wa ligi, picha yake ikabandikwa mlangoni mwa uwanja ikiwa kubwa kuliko yeye mwenyewe, na kwenye friji ya mama yake kulikuwa na barua ya kumwita kambi ya timu ya taifa mwezi wa Aprili.

Kisha ikaja Jumamosi. Kile kisahani cheusi cha mpira mgumu kilikuwa kimeteleza hadi kona, naye akakifuata sambamba na beki wa wageni. Makali ya viatu vyao yakanasana. Marija alikwenda kichwa mbele kwenye ukuta wa mbao unaozunguka barafu, na kishindo cha helmeti yake, walivyomwambia baadaye, kilisikika hadi kwa wauza soseji. Aliinuka mwenyewe. Alimwonyesha Verna kidole gumba. Dakika kumi na moja baadaye akafunga goli la ushindi, goli lake la mia moja, idadi ambayo pale chuoni hakuna msichana aliyewahi kuifikia.

Goli lile yeye hakulikumbuka.

Alikuwa ameliona kwenye simu mara thelathini hivi. Aliona msichana mwenye namba kumi na tisa mgongoni akimpita beki, akimlaza kipa, akinyanyua gongo juu, wenzake wakimrukia. Alimtazama jinsi unavyomtazama mtu uliyemkuta njiani amevaa nguo zako.

Alipofika nyumbani baada ya kipimo, Noelle Beaulieu alikuwa jikoni akila viazi na nyama ya kusaga moja kwa moja kwenye sufuria. Noelle alikuwa kipa wa timu, na walikuwa wamepanga pamoja tangu mwaka wa kwanza.

"Haya, tupe matokeo."

"Sitini na tisa."

"Hongera, profesa. Kwani ulisahau kukosea?"

"Sikukosea makusudi."

"Unasemaje?"

"Leo sikukosea makusudi hata swali moja, Noelle. Nilitaka kujua. Nikasema nijibu kweli, nipande hadi tisini huko, nikishajua kichwa kipo nitatafuta cha kumwambia Verna. Nilijibu kama naomba kazi."

Noelle aliacha kutafuna. "Ukapata sitini na tisa."

"Nikapata sitini na tisa."

Noelle alikuwa mtu wa maneno. Alizungumza na milingoti ya goli lake, alizungumza na viatu vyake. Sasa aliweka uma chini taratibu.

"Umechoka tu," alisema. "Hujalala. Mimi nikikosa usingizi hata jina la mama yangu silijui."

"Jana nilisimama mbele ya droo nikawa sijui kile cha kukorogea kinaitwaje."

"Kijiko?"

"Kijiko. Nilisimama pale mpaka maji ya chai yakakaukia jikoni."

"Zupi, nisikilize." Noelle alivuta kiti karibu. "Mechi mbili. Ijumaa na Jumamosi. Tukishinda tuna wiki nzima ya mapumziko, utalala siku saba. Tukishindwa msimu umekwisha, utalala mpaka Pasaka. Lakini ukienda kwa Verna utamwambia nini? Kwamba tumekuwa tukimdanganya miaka yote hii? Swali lake la kwanza litakuwa nani mwingine."

"Na akiuliza?"

"Mimi simo," Noelle alisema. "Nakupenda kama ndugu yangu wa damu, lakini mimi simo."

Akainuka, akachukua sahani iliyokuwa safi, akaiosha.

Usiku Marija hakulala, na Jumanne hakwenda darasani. Maumivu hayakumtisha, aliyazoea, alishavunjwa mtulinga na kidole na bado akacheza. Kilichomtisha ni hesabu. Mtu akiibiwa hujua alikuwa na nini. Yeye alikuwa ameficha mwenyewe, miaka minne, kwa ustadi, na sasa hapakuwa na mtu duniani aliyejua kilichokuwamo. Labda alikuwa mtu wa themanini, amepoteza kidogo. Labda alikuwa wa tisini na tano. Au labda, na wazo hili lilimjia akipiga mswaki likamfanya akae chini kwenye sakafu ya bafu, labda miaka yote alikuwa mtu wa sitini na tisa tu na kule kukosea kwake kwa ustadi kulikuwa kukosea kwa kawaida.

Na Ijumaa ilikuwa inakuja. Timu iliyokuwa inakuja nayo ilikuwa na mabeki wazito, na video za Marija walikuwa wameziangalia. Pigo la pili juu ya la kwanza ambalo halijapona, pigo linaloweza kuua: hilo halikuhitaji kuelezwa kwa mtu wa barafu. Walilitaja kwa nadra, na wakilitaja walishusha sauti.

Jumatano alikwenda mazoezini. Aliketi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akavaa kiatu kimoja, akakazana na kamba. Pembeni yake akaketi Tilda Aho, mshambuliaji wa mwaka wa kwanza, msichana wa miaka kumi na nane aliyekuwa akimwiga Marija hadi namna ya kufunga nywele.

"Nahodha, nikwambie kitu? Lakini usinicheke."

"Niambie."

"Novemba, ile mechi ya ugenini waliyonigonga." Tilda alishusha sauti, akitabasamu. "Siku nne sikuweza kusoma. Herufi zilikuwa zinatambaa kama wadudu. Nilitapika bafuni huku nimefungulia maji wasinisikie. Lakini kipimo? Nilipita kama hakuna kilichotokea. Septemba nilikosea moja katika kila matatu, kama ulivyotufundisha kwenu siku ile. Ningekosa mechi sita nzima." Akampiga kikumbo cha bega. "Sijawahi kukushukuru."

Marija alikumbuka vizuri siku ile. Afadhali angeisahau hiyo kuliko goli. Wasichana saba wa mwaka wa kwanza mezani kwa mama yake, mkate mtamu wa kokwa za jozi umekatwa, yeye amesimama kama mwalimu, wao wanacheka.

"Siku hizi unasoma?" aliuliza.

"Nasoma. Polepole kidogo. Lakini mimi hata zamani sikuwa mtu wa vitabu sana."

"Hukuwa?"

Tilda alifungua mdomo ajibu, akasita. Tabasamu lilibaki usoni, ila macho yalikuwa yanatafuta kitu.

"Sidhani," alisema.

Marija alivua kile kiatu kimoja. Akatembea na soksi korido nzima, mkono ukutani, hadi kwa Verna, aliyekuwa akipanga bandeji kwenye begi la Ijumaa.

"Verna, nilikudanganya."

"Mimi au kompyuta?"

"Septemba. Zote nne. Nilikosea makusudi. Jumatatu ndiyo nilijibu kweli."

Verna aliendelea kupanga bandeji mbili zaidi, kama mikono ilikuwa haijapata habari. Kisha ikasimama.

"Goli la Jumamosi?"

"Silikumbuki."

"Kaa chini. Si hapo kwenye mwanga, hapa." Akazima taa ya juu. "Wangapi?"

 Akilini Marija alimwona tena Noelle akiosha sahani safi.

"Wote."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla yangu. Hawa wa mwaka wa kwanza niliwafundisha mimi. Tilda Aho, mwite leo hii. Tafadhali, Verna. Usimpime, mwite tu."

Verna alitazama kabati la chuma pembeni ya dirisha. 

"Nina miaka kumi na tisa hapa," alisema. "Kila niliyemrudisha kwenye barafu, nilimrudisha kwa karatasi zilizomo humo." Akaanza kutaja majina, kwa sauti ya chini, si kwa Marija. Huyu ni mwalimu sasa. Huyu ana watoto watatu. Alipofika kwa mmoja, aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya kuumwa kichwa na watu wakasema ni mawazo, hakuendelea. Mkono wake ulipanda mdomoni ukabaki hapo. Marija hakuwahi kumwona Verna akiogopa; hakujua kwamba inawezekana.

Alhamisi mama yake alimpeleka hospitali. Picha ya ubongo ilikuwa safi, daktari alisema, ila picha haioni kila kitu. Angependa kujua kabla ya hapo alikuwaje.

"Alikuwa mwepesi," alijibu mama yake.

"Mwepesi kiasi gani?"

Mama alimtazama mwanawe, akatazama mikono yake mwenyewe. "Mwepesi tu," alisema. Daktari aliandika hilo, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kuandika. Kuhusu msimu, hapana. Kuhusu Aprili, tutaona. Alisema "tutaona" huku anafunga faili.

Kocha Halvorsen hakumfokea. Alimwambia, "Ungeniambia Jumapili ijayo," halafu akasikia mwenyewe alichokisema, akageuza uso. Alitangaza kwamba kuanzia sasa, kwa vile vipimo havina maana, anayegonga kichwa anatoka, bila mjadala. Tilda alipoitwa na Verna Jumatano ileile alikana katakata: alikuwa anakula vizuri, analala vizuri, kichwa hakimuumi tangu Novemba. Alipopelekwa kwa daktari, naye hakupata pa kumshikia. Akaruhusiwa kucheza.

Ijumaa saa tisa alasiri Marija aliketi jukwaani, miwani myeusi usoni, vidole vya mama yake vimemkamata kiwiko. Noelle alipita chini yake akienda golini bila kutazama juu. Mechi ikaanza, na kitu ambacho Marija alikipenda maisha yake yote kikageuka kuwa kitu asichoweza kukitazama. Hakufuata kisahani, alifuata vichwa. Kila msichana aliyekwenda ukutani, Marija alihesabu: moja, mbili, tatu, ameinuka. Moja, mbili, ameinuka. Hakujua hata ni ngapi kwa ngapi.

Kipindi cha pili, Tilda alikwenda ukutani karibu na mlango wa wachezaji. Haikuwa kwa nguvu sana. Moja, mbili, tatu, nne. Aliinuka. Akatikisa glavu hewani, watu wakapiga makofi, naye akaonyesha kidole gumba.

Verna alikuwa ameshaingia kwenye barafu na viatu vyake vya kawaida, akitembea kwa hatua fupifupi.

"Niko sawa," Tilda alikuwa akisema, kwa sauti iliyofika hadi jukwaani. "Niulize chochote. Leo Ijumaa. Niulize basi."

Verna hakuuliza kitu. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akamgeuza. Jukwaa likazomea. Mtu nyuma ya Marija alisema yule mama ameanza kuzeeka, mtoto mzima kabisa anatolewa.

Marija alishuka ngazi akishika chuma kwa mikono miwili, maana ngazi zilikuwa zinasogea. Aliwakuta kwenye chumba cha matibabu, taa imezimwa. Tilda alikuwa ameketi kitandani na helmeti mapajani, analia kwa hasira.

"Umenifanyia nini, Zupi?"

"Sijui," Marija alisema. Akaketi kando yake. "Ndiyo maana nimekuja."

Verna alisimama mlangoni, mgongo kwenye mbao.  Kisha Tilda akauliza, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya hasira tena, kama kile kitabu anachokisoma kwa mwezi mzima, kile chembamba, ni kweli kigumu au ni yeye.

Huko nje watu walilipuka kwa kelele za goli, jengo likatetemeka. Haikujulikana limefungwa na nani. Hakuna kati ya hao watatu aliyeinuka kwenda kuangalia.