Bastola Iliyosuguliwa

Ijumaa ile Perpétue alirudi nyumbani Fisksätra, nje kidogo ya Stockholm, akiwa hoi, maana alikuwa amesafisha madarasa kumi na mawili kabla watoto hawajaingia. Lakini hakulala. Alifungua droo ya mumewe, droo ambayo kwa miaka sita hakuwahi kuigusa.

Ndani mlikuwa na bastola tatu za karne ya kumi na tisa, zile za kusindiliwa baruti kwa mbele ya silinda na kuvishwa fataki ndogo za shaba kwa nyuma. Évariste, dereva wa basi, alizinunua moja moja kwa wakusanyaji wenzake wa silaha za kale. Alijua mkewe alikimbia kutoka Uvira, Kongo, kwa sababu ya bunduki, hivyo hakuwahi kuzitoa mbele yake hata siku moja. Kesho yake angeipeleka ile kubwa kwenye maonyesho ya chama chao. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa meza. Perpétue alitaka kumrudishia wema.

Aliishika ile kubwa. Ilikuwa ya kahawia, kama sufuria iliyosahauliwa mvuani. Akaisugua kwa waya wa kusugulia vyombo na sabuni mpaka ikameremeta.

Jioni Évariste aliiona mezani. Akaketi bila kuvua koti.

“Baba Arsène, haijatakata?”

Évariste akamweleza polepole kwamba ule ukahawia ndio wanaoutafuta wakusanyaji. Ni kazi ya miaka mia na sitini, na ukiondoka haurudi.

“Basi nimeiua,” Perpétue akasema.

“Uliishika wewe mwenyewe?”

“Kwani kuna mfanyakazi humu ndani?”

Évariste alitaka kucheka, akashindwa. “Na ule woga wako, Mama Arsène?”

“Nilikuwa nao mpaka nilipomaliza.”

Akaichukua mikono ya mkewe, akavitazama vidole vilivyochubuka, akaenda kumtafutia mafuta.

Asubuhi Perpétue alimsihi apeleke nyingine. Akakataa, akamwomba wafuatane. Huko mzee mmoja Mswidi aliiinua ile bastola, akasikitika, akauliza ni nani aliyeifanyia hivyo. Évariste akamjibu kwamba ni mke wake, huyu hapa, na kwamba ilikuwa mara yake ya kwanza kushika silaha tangu vita. Mzee akairudisha taratibu mezani. Akaenda, akarudi na kiti, akampa Perpétue.

Wengine walipita bila kusimama. Évariste hakuifunika ile bastola.