Pigo Moja Shimo la Saba

"Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu," Nicanor alianza, akaisikia sauti yake kama ya mtu wa mbali. Tangu amzike mkewe mwaka huo wa 1994, hadithi zilikuwa zimemkauka mdomoni. Leo alitaka tu kujua kama bado anaweza kutunga hata moja. "Shimo la saba, pigo moja. Mpira umegonga pembe ya swara, ukaruka, ukaingia."

Wazee wenzake wa kilabu cha gofu, pale Migori, wakaacha kunywa chai.

"Jaduong', mzee wangu," Gisiri akasema, "mimi nilikuwa nyuma yako. Mchanga unaozunguka lile shimo bado una mistari ya reki. Mpira ulipita wapi?"

"Swara alifuta alama kwa mkia."

Wakacheka. Nicanor hakuhisi kitu, ila lile jibu lilikuwa limekuja lenyewe.

"Wa pigo moja hununulia wote soda," Gisiri akasema. "Mwongo naye hununua. Wewe chagua."

Nicanor akaenda kaunta.

"Unalipia nini, mzee?" Mourine, mhudumu wa pale, akamuuliza.

"Uongo wa leo," akasema, akisukuma noti. "Na wa kesho."