Shingo za Dry Fork

"Tulia, Clem. Ukicheka nitakukata."

"Nitaachaje kucheka, bwana, na wewe umefungwa hapo kama mbuzi wa sikukuu?"

Ni kweli, mnyororo ulitoka kwenye kifundo cha Amos Pruitt hadi kwenye mguu wa kiti cha kunyolea. Sherifu Tackett angefanyaje? Jaji alishafika hotelini, na jaji huyo hataki kuona ndevu za wiki mahakamani mwake, uwe shahidi au mwamuzi wa kesi. Mji mzima wa Dry Fork una kinyozi mmoja, naye ndiye mshtakiwa. Basi wakamtoa rumande, awanyoe watu watakaoamua kama anyongwe, Clem akiwa mmoja wao.

Dereva wa gari la abiria la kukokotwa na farasi alikutwa karibu na kijito, kakatwa koo, farasi wake wangali wamefungwa kwenye gari. "Huo ni wembe," watu wakasema. Lyle Haddock, muuza nafaka, akaapa kwamba alimwona Amos akitoka huko mbio, juu ya farasi wake wa kijivu.

Mkono wa Amos ulikuwa umetulia. Clem alipoondoka kitini akaketi Gus mhunzi. Akalaza kichwa nyuma, akafumba macho, na kabla povu halijamfika masikioni akaanza kukoroma.

Amos akaitazama ile shingo nene, wazi, ikipanda na kushuka chini ya wembe. Akamgeukia sherifu. Tackett naye alikuwa akiitazama, ameacha kutafuna tumbaku.

Wakaja wengine, wakanyolewa. Mwisho akabaki Lyle, amesimama karibu na mlango, ndevu zimemsimama kama mabua.

"Mimi nitajinyoa mwenyewe," alisema.

"Kama ulivyojinyoa Krismasi?" Clem akadakia. "Ulitoka kama kuku aliyenyonyolewa nusu! Kaa bwana, kwani Amos anakula wat…"

Hakumaliza. Mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe kwenye shingo yake laini, inayonukia sabuni. Kicheko kikafa. Waliokwisha kunyolewa wakawa wanatazamana: wote walikuwa wamemwachia Amos shingo zao, naye hakumkata hata mmoja.

Lyle akaketi.

Amos akampaka povu. Akanyoa shavu la kulia, polepole, kama anayemnyoa mgonjwa. Alipofika chini ya taya, Lyle akanong'ona:

"Siku ile kulikuwa na vumbi, Amos."

"Usiongee. Nitakukata."

"Farasi nilimwona. Wa kijivu. Aliyempanda…" Akameza mate. "Aliyempanda sikumwona uso."

Amos akaacha kunyoa. Akauondoa wembe, akaushika mbali.

"Lyle, ndugu yangu," alisema. "Hebu sema tena. Wakusikie."

Lyle akageuka kwenye kiti, nusu ya uso nyeupe kwa povu, akawatazama wale wote waliojipanga ukutani na nyuso zao safi. Akafungua mdomo. "Sikumwona uso," akasema kwa sauti. Povu likamdondokea kifuani, na hakulifuta.